Kuotesha utando wa bakteria wa utumbo: kwa nini wengi pamoja ni kazi kuliko mmoja mmoja

Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, mchanga hunywa mvua yote na mito haipiti. Maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, au hukingwa kwenye bati wakati wa mvua, kisha huwekwa. Yakikaa sana, pitisha kidole ukutani mwa pipa na utakuta utelezi. Kusuuza kwa maji matupu hakusaidii. Ndiyo maana akina mama hutia mchanga na maji kidogo ndani ya dumu, wakalitikisa mpaka mikono ikachoka, halafu wakamwaga. Kisayansi wako sahihi kabisa. Utelezi ule ni bakteria walionata ukutani na kujifunika kwa gundi waliyoitoa wenyewe, na gundi hiyo hutoka kwa kukwanguliwa, haitoki kwa kubembelezwa.

Huo ndio utando wa bakteria. Uko kwenye meno asubuhi kabla ya mswaki, kwenye mawe ya mto, ndani ya mabomba, kwenye mipira ya mkojo wanayowekewa wagonjwa wodini, na uko ndani ya utumbo wetu. Kwa miaka mingi sasa watu wa maabara wamekuwa wakijaribu kuuotesha utando wa utumbo nje ya mwili, ukiwa na bakteria wa aina nyingi kwa pamoja, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Ukielewa ugumu uko wapi, utazisoma kwa jicho jingine zile habari zinazosambaa kwenye simu kuhusu dawa "iliyothibitishwa maabara" kuua bakteria wa tumboni. Swali la kwanza la kuuliza ni: waliuawa wakiwa katika hali gani?

Mtu wa kwanza kuligusa swali hilo alikuwa muuza vitambaa. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea hadubini zake mwenyewe, alikwangua ukoga wa meno yake mwaka 1683 akaona viumbe vidogo vikitembea. Baadaye alijaribu siki. Ukoga alioutoa na kuuchanganya na siki, viumbe vyake vilikufa. Lakini aliposukutua siki mdomoni, vile vilivyojificha ndani ya ukoga viliendelea kuishi. Jawabu lilikuwa mbele yake: siki haikuwafikia waliokuwa ndani.

Sayansi ya bakteria ilipokuja kukomaa, karne mbili baadaye, ilifuata njia nyingine. Robert Koch na wenzake huko Ujerumani walitaka kujua bakteria gani analeta ugonjwa gani, na kwa hilo walihitaji kumtenga kila mmoja peke yake. Walihangaika kupata kitu cha kuwaoteshea juu yake mpaka mwaka 1881, Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti hao na msaidizi wake wa maabara, alipopendekeza agari aliyokuwa akiitumia jikoni kugandisha vyakula. Agari hutokana na mwani. (Kabla wenzangu wa pwani hawajachangamka: mwani unaolimwa kwenye kamba katika maji ya Lindi na Mtwara kwa ajili ya kuuza nje ni wa jamii nyingine, nao hutoa karajinani, inayogandisha maziwa na dawa za meno. Agari ya maabara hutoka kwenye mwani wa jamii ya Gelidium na Gracilaria.) Mwaka 1882 Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu, mwaka 1887 Julius Petri akaleta sahani yenye kifuniko ambayo hadi leo inabeba jina lake.

Njia hiyo ya kumtenga mmoja mmoja ndiyo inayotumika bado katika kila hospitali. Ukipeleka mkojo ukaoteshwe, mtaalamu ataupaka kwenye agari, atasubiri hadi kesho yake, atachagua kidoa kimoja kilichoota, atakiotesha upya peke yake, kisha ataweka juu yake vidonge vidogo vya karatasi vyenye antibayotiki ili aone ipi inamzuia. Kwa kutibu maambukizi ya kawaida ni njia nzuri na sina neno nayo. Tatizo ni kwamba bakteria huyo amepimwa akiwa peke yake, ana chakula tele, yuko katikati ya kukua kwa kasi. Nje ya maabara mara chache sana anaishi hivyo. Kuanzia mwaka 1978, J. William Costerton na wenzake walianza kusisitiza kwamba sehemu kubwa ya bakteria duniani huishi wamenata mahali, ndani ya gundi, pamoja na wengine.

Gundi yenyewe ni mchanganyiko wa sukari ndefu zilizoungana, protini, na vinasaba vilivyomwagwa na bakteria waliokufa. Sehemu kubwa kabisa ni maji. Bakteria wa juu hupata chakula na hewa, wa chini hupata masalio. Hao wa chini hukua polepole na wengine husimama kabisa. Sasa, antibayotiki nyingi humpata bakteria akiwa kazini. Penisilini, kwa mfano, humvuruga wakati anajenga ukuta wake, kwa hiyo aliyesimamisha ujenzi haimdhuru. Dozi ikiisha, anaamka. Bakteria wa aina ileile, akiwa kwenye utando, anaweza kustahimili dawa mara kumi hadi hata mara elfu kuliko akiwa anaelea majini.

Huu si ule usugu wa dawa tunaoonywa kwenye mabango ya zahanati. Usugu ule umo kwenye vinasaba na hurithiwa. Huu wa utando ni wa mahali na hali, na ukiwatawanya bakteria hao kwenye maji watakufa tena kwa dozi ya kawaida. Hata hivyo, mambo haya mawili ni majirani: wanaokaa wamebanana hupeana vinasaba kwa urahisi, vikiwemo vya usugu.

Tuje kwenye utumbo. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2016 na Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli zake mwenyewe, na wote pamoja wana uzito wa kama gramu 200. Yale madai kwamba wametuzidi mara kumi yalikuwa makadirio ya zamani yaliyonakiliwa kitabu kwa kitabu. Karibu wote wako kwenye utumbo mpana.

Lakini je, huko kuna utando kweli? Watafiti wanabishana, na wana sababu. Mwaka 2008 kundi la Gothenburg, Uswidi, lilionyesha kwa panya kwamba ukuta wa utumbo mpana umefunikwa na tabaka mbili za ute. Tabaka la ndani ni zito, limeshikamana na ukuta, na kwa kawaida halina bakteria. La nje ni legevu, na humo ndimo bakteria wanamoishi. Kwa hiyo kwa mtu mwenye afya bakteria hawajanata kwenye nyama. Wamo ndani ya ute unaosogea na kutengenezwa upya kila siku, na wengine wamenata kwenye vipande vya makapi ya chakula. Utando wa utumbo, basi, si ule wa pipa la maji. Unaliwa na wakazi wake, unasukumwa, unajengwa tena.

Bakteria wakifika kwenye nyama yenyewe, mara nyingi kuna shida. Mwaka 2014 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliripoti kwamba uvimbe wa saratani wa upande wa kulia wa utumbo mpana ulikuwa karibu wote umefunikwa na utando mzito wa bakteria wa aina nyingi, ilhali wa upande wa kushoto ulikuwa nao mara chache. Mwaka 2018 kundi hilohilo lilichunguza watu wenye ugonjwa wa kurithi unaoleta vinyama vingi utumboni, likakuta mabaka ya utando yenye aina mbili zikiishi pamoja: *Escherichia coli* wenye uwezo wa kutengeneza sumu inayoharibu vinasaba, na *Bacteroides fragilis* wanaotoa sumu inayouvuruga ukuta wa utumbo. Kwa panya, wawili hao pamoja walileta uvimbe mwingi kuliko kila mmoja akiwa peke yake. Mimi naona hiyo ndiyo sababu kubwa ya kujisumbua na mchanganyiko: madhara yalitoka kwenye ushirika.

Si kila utando ni adui, lakini. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipendekeza kwamba kidole tumbo, ambacho tumezoea kukisikia kikikatwa, ni mahali ambapo utando wa bakteria wazuri hujihifadhi mtu akiharisha sana, ili baadaye waurudie utumbo. Ni dhana, na inavutia.

Mkulima wa Masasi anayepanda mbaazi, muhogo na karanga katikati ya mikorosho michanga anajua kwamba huwezi kukadiria mavuno ya shamba hilo kwa kupanda kila kimoja kwenye shamba lake kisha ukajumlisha. Kimoja humpa mwenzake kivuli, kingine humnyang'anya maji, kingine hurutubisha udongo. Bakteria wa utumbo ni hivyohivyo, ila wao wanapeana chakula moja kwa moja. Aina za *Bifidobacterium* hukata sukari ndefu ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya na kutoa asetati, tindikali ileile ya siki. *Faecalibacterium prausnitzii* huichukua asetati hiyo na kutoa butireti, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana. Mwoteshe Faecalibacterium peke yake bila asetati, utamwona anadhoofika, na unaweza kudhani umekosea vipimo. Kisha kuna *Methanobrevibacter smithii*, ambaye kwa ukoo hata si bakteria. Yeye hula haidrojeni ambayo wengine wanaitoa kama taka na kuigeuza methani. Taka hiyo ikirundikana, uchachushaji wa wenzake huzorota. Na *E. coli*, ambaye kwa idadi ni mchache kuliko sifa zake, humaliza chembe za oksijeni zinazovuja kutoka kwenye damu, wale wasioivumilia wakapata kuishi.

Upande wa pili kuna vita. Wanatoa tindikali, wanatengeneza protini za kuua ndugu zao wa karibu, wananyang'anyana madini ya chuma. Katika utando, nani yuko karibu na nani ni jambo zito kuliko nani yupo.

Sasa fikiria unataka kuuotesha huo.

Shida ya kwanza ni hewa. Wengi wa wakazi wa utumbo mpana hawavumilii oksijeni, na Faecalibacterium hufa kwa dakika chache tu akiachwa wazi. Mtu aliyefungua njia hapa ni Robert Hungate, aliyekuwa akichunguza matumbo ya wanyama wanaocheua. Mwaka 1950 alieleza namna ya kuchemsha chakula cha bakteria ili hewa itoke, kukiweka kwenye mirija iliyopulizwa gesi isiyo na oksijeni, na kuiziba kwa mpira. Siku hizi maabara yenye uwezo hutumia hema la plastiki lenye glovu ndefu zilizoshonewa ukutani. Ndani yake kuna naitrojeni, kabonidayoksaidi ya asilimia kama 10, na haidrojeni ya asilimia kama 5. Haidrojeni iko pale kwa kazi: ikikutana na oksijeni iliyopenya, juu ya vipande vya madini ya paladiamu, huungana nayo ikawa maji. Katika chakula chenyewe hutiwa sisteini, inayonyang'anya oksijeni iliyobaki, na rangi ya rezazurini, ambayo huwa ya waridi oksijeni ikiwepo na hupoteza rangi ikiisha. Ukiona waridi, usiendelee.

Kuna mitego ambayo maelezo mafupi ya vitabuni huruka. Plastiki hubeba oksijeni ndani yake, kwa hiyo sahani na vyombo lazima viingizwe hemani siku moja kabla, au zaidi. Bakteria wenyewe hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, na gesi hiyo huidhoofisha paladiamu, hivyo vipande hivyo hupashwa moto mara kwa mara ili virudi kazini. Ukikosa hema, upo mtungi unaofungwa pamoja na pakiti ya kemikali inayomeza oksijeni. Unatosha kwa kazi nyingi, ingawa kila ukiufungua umeingiza hewa. Kuwasha mshumaa ndani ya mtungi uliofungwa hakutoshi. Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado nyingi. Njia hiyo huongeza kabonidayoksaidi, kwa hiyo inawafaa bakteria wanaoipenda, wakazi wa utumbo mpana hapana.

Shida ya pili ni chakula, na hapa ndipo majaribio mengi yanapojidanganya kimyakimya. Chakula kinachopatikana kirahisi ni supu iliyotengenezwa kwa ubongo na moyo wa ng'ombe, yenye protini nyingi na sukari nyepesi. Bakteria wanaipenda. Lakini utumbo mpana haupokei supu ya namna hiyo: sukari nyepesi na protini nyingi zimekwisha kufyonzwa juu, kwenye utumbo mwembamba. Kinachoteremka ni nyuzinyuzi, wanga uliogoma kumeng'enywa, na ute wa mwili wenyewe. Ukiweka supu nono, unampa ushindi anayekula haraka. *E. coli* akiwa na chakula kizuri na hewa anaweza kuzaliana kila baada ya dakika 20; wengi wa wenzake wanahitaji muda mrefu zaidi. Utaanza na aina sita, baada ya siku mbili utakuwa na *E. coli* na vivuli vya wengine. Kosa litakuwa la mpishi.

Dawa yake ni kuwabana wote. Punguza sukari, weka nyuzinyuzi na ute, na badala ya kuwapa chakula chote mara moja, kidondoshe polepole huku kiasi kilekile kikitoka upande wa pili. Mtiririko huo una faida nyingine kubwa: wanaoelea husombwa, walionata hubaki. Bila mtiririko huwezi kuwa na hakika kama ulichokiona chini ya chombo ni utando au ni mashapo yaliyotulia.

Shida ya tatu ni ukuta wa kunatia. Chombo cha kawaida ni sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja hakizidi ukubwa wa ncha ya kidole. Mwaka 1999 watafiti wa Calgary, Kanada, waliongeza kifuniko chenye vijiti 96 vinavyoning'inia mmoja kwa kila kishimo, utando ukaota kwenye kijiti na kuweza kuhamishwa wote kwenye dawa mpya. Ni vifaa vizuri kwa kupima mambo mengi kwa wakati mmoja, lakini plastiki ni plastiki. Utumboni bakteria hunata kwenye ute laini wanaoweza kuula. Kwa hiyo kundi la Dundee, Uskoti, lilitumia jeli ya musini, yaani protini ya ute, ndani ya vyombo vya mtiririko. Huko Ghent, Ubelgiji, ambako tangu mwaka 1993 kuna mtambo wa vyombo kadhaa vilivyounganishwa kuiga safari ya chakula kutoka tumboni hadi mwisho wa utumbo mpana, waliongeza vipande vidogo vya plastiki vilivyopakwa musini na agari, ambavyo sehemu yake hubadilishwa kila baada ya siku chache, kwa kuwa ute wa mwili nao hubadilika. Walipolinganisha, walikuta wanaoishi kwenye ute si sawa na wanaoelea: watengenezaji wa butireti wengi walipendelea ute. Bila vile vipande wasingewaona.

Musini hiyo ya kununua hutoka kwenye tumbo la nguruwe. Najua wasomaji wengi wa pwani watakunja uso, na mtafiti Mwislamu anayo haki ya kuuliza namna ya kuishika. Lipo pia pingamizi la kisayansi: musini ya tumbo la chakula si ileile ya utumbo mpana, na namna inavyosafishwa kiwandani huipunguzia uwezo wa kuganda kama ute halisi. Ndiyo maana huchanganywa na agari.

Kuhusu mbegu, kuna njia mbili. Unaweza kuchukua kinyesi cha watu waliokubali, ukakisaga na kukiotesha chote. Utapata jamii iliyo karibu na halisi, lakini hutajua kila aliyemo, na kinyesi cha kesho si cha leo. Au unaweza kuchukua aina chache unazozijua kwa jina, kutoka kwenye hazina za bakteria, ukazichanganya kwa viwango ulivyovipima. Kwa mtu anayeanza ningemshauri hii ya pili bila kusita. Matokeo ya jamii usiyoijua hayaelezeki yakigoma, na yatagoma. Kwa ile ya kwanza, hapa Tanzania utahitaji kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Na kwa zote mbili utahitaji maabara yenye kinga stahiki. Usijaribu jikoni kwako.

Ukishaotesha, utapimaje? Kipimo maarufu ni kumwaga kimiminika, kusuuza taratibu, kutia rangi ya zambarau ya kristali vayoleti, kusuuza tena, kuiyeyusha rangi iliyonata na kupima ukolezi wake kwa mashine ya mwanga. Rangi hiyo mnaifahamu: ndiyo kiini cha GV, ile dawa ya zambarau waliyopakwa watoto mdomoni. Ni rahisi na haraka. Ila inashika kila kitu: bakteria aliye hai, aliyekufa, na gundi yenyewe. Zambarau iliyokolea haikwambii kuna aina ngapi wala nani anapumua. Mkono uliosuuza kwa nguvu nao hubadilisha jibu. Makala nyingi za "mmea fulani wapunguza utando" zimesimama juu ya rangi hii peke yake, na mimi huzisoma kwa tahadhari. Ni lazima uongeze kuhesabu walio hai kwenye agari, au kusoma vinasaba, au kuangalia kwa hadubini inayoona tabaka kwa tabaka huku kila aina imewekewa rangi yake inayong'aa. Hadubini hiyo ndiyo pekee kati ya hizo inayokuonyesha nani kakaa na nani, na bei yake ndiyo inayowafanya wengi waishie kwenye zambarau.

Maabara ya mkoa, iwe Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi au hospitali ya misheni ya Ndanda, haihitaji hema la gesi ili kijana mwenye hamu ajifunze misingi. Mfano mzuri ni *E. coli* na *Enterococcus faecalis*. Wote ni wakazi wa utumbo, wote wanavumilia hewa, wote hutengeneza utando, na mara nyingi hukutwa pamoja kwenye mipira ya mkojo na vidonda. Mwaka 2016 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba madini ya chuma yakiwa haba, *Enterococcus* hutoa asidi amino iitwayo ornithini, na ornithini hiyo humsaidia *E. coli* kukua kwenye utando. Jaribio la namna hii lina uzuri mmoja: kuwatenganisha wakati wa kuhesabu ni rahisi. Kwangua utando, utawanye vizuri, upunguze makali, kisha paka sehemu kwenye agari ya MacConkey yenye kristali vayoleti, ambayo humzuia *Enterococcus* na kumwacha *E. coli* aote kwa rangi ya waridi. Sehemu nyingine paka kwenye agari ya nyongo na eskulini, ambayo *Enterococcus* huigeuza nyeusi. Weka vishimo vya kila mmoja peke yake, vya wote wawili, na visivyotiwa chochote. Bila hivyo vya mwisho huna jaribio.

Kwa wenye vifaa zaidi, liko swali ambalo mimi ningependa lianzie huku kusini. Mapishi mengi ya kuiga utumbo yamejengwa juu ya bakteria na milo ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2014 Stephanie Schnorr na wenzake walichunguza Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi na hawakukuta *Bifidobacterium* kwa watu wazima, wakati mapishi mengi humweka bakteria huyo mstari wa mbele. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulionyesha kwamba bakteria wa Wahadzabe hubadilika kwa misimu, wengine wakipotea na kurejea. Mtu wa Mikindani si Mhadzabe, mlo wake ni mwingine, lakini pia si mtu wa Ghent. Anakula muhogo, mbaazi, kunde, na msimu ukifika, ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa kwa mafungu.

Anayetaka kuujaribu mlo huo kwenye utando asitie unga wa ming'oko moja kwa moja kwenye chombo. Wanga mwingi humalizwa kabla haujafika utumbo mpana. Kuna utaratibu uliokubaliwa na watafiti wa nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2014, wa kuiga mmeng'enyo kwenye chupa: kimeng'enya cha mate kwa dakika chache, kisha tindikali na pepsini kwa saa 2, kisha nyongo na vimeng'enya vya kongosho kwa saa 2 nyingine, kwenye joto la nyuzi 37. Baada ya hapo sukari iliyoachiwa huondolewa kwa kuchujwa kwenye utando wa plastiki wenye matundu madogo sana. Kinachobaki juu ya chujio, na hakitakuwa kingi, ndicho cha kuwapa bakteria.